Msiseme Kompyuta Ilichukua Kazi Yote ya Wapiga Chapa

Ukurasa huu umelala karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi za watu, na pia kwa sababu mvua ya Kericho ikianza, umeme nao huaga. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira.

Kilichonirudisha ni sentensi moja. Majuzi nilikuwa kwenye mkutano wa watengenezaji wa programu. Kijana wa rika langu alisimama mbele yetu akaonyesha picha ya zamani: mtu ameinamia meza yenye taa chini ya kioo, wembe mkononi. Akasema, "Huyu alitumia siku tatu kufanya kile ambacho leo programu inafanya kwa dakika tatu." Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akaendelea kutuuzia programu yake ya kutengeneza mabango kwa simu.

Mimi sikucheka. Nina miaka 28 na shahada ya sayansi ya kompyuta, na filamu ya chapa nimeiona kwa mara ya kwanza ikiwa imetupwa kwenye kabati. Lakini kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikiandika programu ya kukadiria bei za kazi kwa duka dogo la chapa hapa mjini Kericho, na huko nimekaa na wazee watatu waliofanya kazi ya yule mtu wa kwenye picha. Mmoja alikuwa wa kamera na chumba cha giza, mmoja wa kupanga herufi, mmoja wa pleti. Nimewasikiliza, nimewauliza maswali ya kijinga, nimenyweshwa chai nyingi kuliko nilivyotarajia. Na ninasema wazi: ile sentensi ni uongo. Kompyuta ilichukua sehemu ya kazi yao, ile iliyokwisha kuandikwa vitabuni, tena vitabu vya Kiingereza. Sehemu iliyobaki haikuchukuliwa na mtu. Iliachwa tu, na imekaa vichwani mwa watu wenye miaka 65 na kwenda mbele.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tunadharau kitu tusichokijua.

Mteja alileta karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Tuseme ni kitabu cha risiti cha kituo cha kununulia majani chai, au kadi ya harambee, au mtihani wa majaribio wa shule. Maneno yalipangwa, yakakatwa, yakabandikwa kwa gundi juu ya kadi nyeupe, mistari ikachorwa kwa kalamu ya wino na rula. Kadi ikapigwa picha na kamera yenye ukubwa wa kabati la nguo. Filamu ikaingia chumba cha giza chini ya taa nyekundu, ikapita dawa ya kwanza, ikapita ya pili, ikasuuzwa, ikaanikwa kama nguo. Halafu ikalazwa juu ya meza ya taa. Kila tundu lililoachwa na vumbi likazibwa kwa brashi ndogo. Kurasa zikapangwa kwa hesabu, ili karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu na kukatwa, ukurasa wa 2 uwe nyuma ya wa 1 na si nyuma ya wa 7. Mwisho filamu ikabanwa juu ya pleti ya alumini, ikamulikwa kwa mwanga mkali, na pleti ikapelekwa mashineni.

Kazi ya rangi nne ilikuwa habari nyingine. Wazee wangu wanasema filamu zake zilitengenezwa Nairobi zikarudi kwa gari la abiria, zimebanwa katikati ya kadibodi. Kosa moja na umepoteza siku mbili pamoja na nauli. Ndiyo maana walikagua mara nne kabla ya kutuma. Leo tunakagua mara ngapi? Tunabonyeza na kuomba Mungu.

Mabadiliko yalianzia mbali. Julai 1978 gazeti la The New York Times lilipanga toleo lake la mwisho kwa risasi iliyoyeyushwa. Mwaka 1984 Adobe wakatoa PostScript, lugha ya kuieleza printa ukurasa unavyoonekana. Mwaka 1985 zikaja printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker, kisha QuarkXPress mwaka 1987, Photoshop mwaka 1990, na PDF mwaka 1993. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zilikuwepo mashine za kuchoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila filamu wala chumba cha giza. London, mwaka 1986, zaidi ya wafanyakazi 5,000 wa magazeti ya Rupert Murdoch walifutwa kazi wakiwa kwenye mgomo, na mapambano mbele ya lango la Wapping yakaendelea mwaka mzima.

Kericho hapakuwa na Wapping. Sisi watu wa huku tunajua vurugu za mashine: Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto kwenye mashamba makubwa ya hapa na picha zikaenda dunia nzima. Lakini wachuma chai ni maelfu, wana chama, na wanasiasa wanawahitaji wakati wa kura. Watu wa chumba cha giza katika mji mdogo walikuwa wawili hapa, watatu kule. Siku moja kompyuta iliyotumika iliingia dukani ikiwa na CorelDRAW isiyolipiwa, na miezi michache baadaye kamera ikafunikwa turubai. "Hakuna aliyetufukuza," mzee wa kamera aliniambia. "Tulikuwa tunakuja kazini, tunakaa." Alikaa hivyo karibu mwaka, halafu akaenda kuangalia chai yake.

Sasa nije kwenye kile kilichoachwa.

Kwanza, mvua. Yeyote aliyeishi Kericho anajua kwamba hapa mvua ya alasiri ni jirani wa kila siku. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Ukichapa rangi nne kwenye mashine inayochapa rangi moja kwa wakati, karatasi ile ile inapita mara nne, na kati ya mara ya kwanza na ya nne inaweza kuwa imetanuka kiasi cha kuifanya rangi ya mwisho isiangukie mahali pake. Wazee waliifungua rimu siku moja au mbili kabla, wakaiacha izoee hewa ya chumba, na kwenye filamu wakapandanisha kingo za rangi kidogo ili karatasi ikicheza pasionekane pengo jeupe. Kidogo kiasi gani? Ilitegemea karatasi, mashine na msimu. Programu inayo sehemu ya kuweka kipimo hicho, ndiyo. Inakuja na tarakimu moja iliyowekwa na mtu ambaye hajawahi kunyeshewa Litein. Vijana wengi hawajui hata kwamba sehemu hiyo ipo.

Pili, kijani. Kila tangazo la eneo hili lina majani mawili na chipukizi, iwe ni la kanisa, la shule, la SACCO au la mgombea udiwani. Kwenye skrini ya simu kijani cha chai changa kinang'aa hadi unatamani kukila. Skrini hutoa rangi kwa mwanga, chapa hutoa rangi kwa wino wa siani, majenta, manjano na mweusi, na kuna vijani ambavyo mwanga unaweza kuvitoa lakini wino huo hauwezi kabisa. Programu ikibadilisha faili, huchagua kijani kilicho karibu, na mara nyingi kinatoka kama mboga iliyolala. Mteja anagombana na mwenye duka. Mwenye duka anamwita nani? Mzee wa pleti. Naye anaangalia kidogo, anasema "toa majenta yote hapo, punguza mweusi, acha manjano ijae," na tangazo linapona. Hakusoma nadharia ya rangi. Aliharibu pleti nyingi akajifunza.

Na hayo maandishi meusi yaliyotengenezwa kwa simu! Kwenye faili ni meusi, kwenye chapa yamegawanywa katika rangi zote nne, na mashine ikiteleza nusu milimita kila herufi inaota kivuli chekundu na cha bluu. Karatasi laini ya bei nafuu nayo hunyonya wino hadi nukta zinenepe: nukta ya asilimia 50 inaweza kutoka kama asilimia 70, na uso wa mgombea ukawa mweusi kama sufuria. Mabango ya kampeni yamejaa makosa haya. Nilimwambia mzee wa kamera kwamba labda ni afadhali, akacheka.

Tatu ni jambo linalonihusu mimi na ninyi wasomaji moja kwa moja, kwa kuwa ni la lugha. Kata neno mwisho wa mstari. Programu kubwa za kupanga kurasa zilifundishwa kukata Kiingereza kwanza, na Kiingereza hupenda kukatika kati ya konsonanti mbili. Zipe Kiswahili bila kuziambia kitu, na unaweza kupata nyan- juu na -ya chini. Shangazi anakuwa shan-gazi. Ng'ombe anaachwa kichwa mstari mmoja na kiwiliwili mstari mwingine. Makosa ya aina hii nimeyaona kwenye vitabu na magazeti tangu nikiwa shule ya msingi, nikadhani ndivyo Kiswahili kinavyoandikwa.

Mzee wa kupanga herufi aliposikia nikilalamika alichukua kalamu akaniandikia kanuni nyuma ya risiti. Kata baada ya irabu: sha-nga-zi, ki-te-ngo, nya-nya. Usiiache m ya mtu peke yake mwisho wa mstari, hata kama ni silabi kamili. Ng' ni sauti moja, usiiguse. Maneno yaliyotoka Kiarabu mara nyingi hufunga silabi kwa konsonanti, kwa hiyo daf-tari, mak-taba, lab-da. Na kama neno linaleta ubishi, sogeza nafasi za mstari mzima usilikate. Kalamu chini. Dakika nne.

Jamani, hiyo ni mistari thelathini ya msimbo pamoja na orodha ya maneno ya kipekee! Ningependa kumuuliza yule kijana wa mkutanoni: kati ya sisi na yule mzee, ni nani aliyekuwa anafanya kazi polepole?

Tena Kiswahili kina bahati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na kazi ile naiheshimu sana. Lakini kutafsiri menyu ni jambo moja, na kuifundisha programu namna lugha inavyokaa juu ya karatasi ni jambo jingine. Sasa fikiria Kikalenjin. Ukichukua kanuni ya Kiswahili ukaitumia kwa Kikalenjin umeharibu, kwa sababu silabi zake nyingi hufungwa. Angalia tu Kipsigis, au Kipkelion. Kata baada ya irabu na utapata Ki-pkelion, kitu ambacho hakuna mdomo wa mtu wa hapa unaoweza kukitamka. Mzee yule amepanga nyimbo za kanisa na matangazo ya mazishi kwa lugha zote mbili, na anajua bila kufikiri wapi pa kukata. Nimemuuliza ameandika wapi. Hakuna alipoandika.

Msinijibu kwamba programu na ufundi wa zamani havipatani. Mwandishi wa programu anayeheshimika kuliko wote duniani alifanya kinyume cha tunachofanya sisi. Mwaka 1977 Donald Knuth aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, The Art of Computer Programming. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa risasi. Hili jipya lilipangwa kwa mashine ya picha, na alipoliona likamchukiza. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliacha kuandika vitabu akaanza kutengeneza TeX, akidhani ni kazi ya muda mfupi, na ikamla miaka ipatayo kumi. Alirudi kwenye vitabu vya zamani kupima nafasi kati ya herufi. Alifanya kazi na Hermann Zapf, bingwa wa kuchora herufi kutoka Ujerumani. Mwanafunzi wake Frank Liang aliandika tasnifu nzima, mwaka 1983, juu ya namna ya kukata maneno mwisho wa mstari. Tasnifu ya udaktari juu ya kistari! Hesabu za TeX ninyi nyote mmezitumia chuoni mkijivunia jinsi ripoti zenu zilivyopendeza. Zilipendeza kwa sababu mtu alikwenda kuangalia kazi ya wapiga chapa kwanza.

Nne, risiti. Hapa hasira yangu inatoka mbali kidogo na sanaa.

Kitabu cha risiti cha zamani cha majani chai kilikuwa na nakala za kaboni. Mkulima aliondoka na moja, nyingine zikabaki. Kila karatasi ilipigwa namba na mashine ya namba, hivyo kwamba ukichomoa moja, pengo linaonekana. Mzee wa kupanga herufi anasema kabla ya kazi kama hiyo aliuliza maswali matatu: nani atabaki na nakala, karatasi itakaa wapi, na itatakiwa kusomeka mpaka lini. Nimekaa darasani miaka minne nikisomea mifumo ya habari na sikumbuki kuulizwa swali la tatu.

Siku hizi vituo vingi vina mizani ya kielektroniki inayotoa karatasi ndogo. Mizani yenyewe siigombi. Karani hana tena nafasi ya kusoma kilo tofauti na zilizoandikwa, na hilo ni jema kubwa. Lakini karatasi nyingi za namna hiyo hazina wino. Zimepakwa kemikali inayokuwa nyeusi ikipata joto, na joto hilo hilo, pamoja na jua, mafuta ya mikono na baadhi ya plastiki laini, huifanya ifutike au ichafuke yote. Mkulima wa Mogogosiek anaiweka wapi? Kwenye mfuko wa nailoni, ukutani, karibu na jiko. Sasa hesabu: mwaka wa viwanda vya wakulima wadogo hufungwa Juni 30, na bonasi hulipwa kwa kawaida Oktoba. Majani yaliyopimwa Julai yanamalizwa kulipwa Oktoba ya mwaka unaofuata, miezi 15 baadaye. Siku ya kubishana, kumbukumbu ya mfumo ipo, inang'aa. Ya mkulima ni kipande cheupe. Mtaniambia kuna ujumbe wa simu. Sawa, na simu ikiibwa, au ikiangukia kwenye pipa la maji? Simtuhumu mtu wizi. Ninasema kwamba mpiga chapa yeyote wa zamani angeliona tatizo hili kabla hujamaliza kunywa kikombe.

Najua mtasema nimewapaka wazee asali. Hapana. Dawa za chumba cha giza zilimchoma mzee wa kamera vidole, na chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Siitaki kazi ile irudi. Isitoshe, wazee wenyewe walikuwa wachoyo. Mwanafunzi alifagia mwaka mzima kabla ya kuonyeshwa namna ya kuchanganya dawa, na fundi aligeuka mgongo wakati wa kupima. Siri ilikuwa ndiyo mshahara wao, kwa hiyo walipoondolewa waliondoka nayo, na lawama hiyo ni yao pia. Kompyuta ilivunja mlango uliofungwa makusudi. Leo msichana wa Sotik mwenye laptopu ya mkopo anaweza kupanga kitabu kizima cha hadithi peke yake, na hilo lingekuwa ndoto mwaka 1985. Nafurahi sana. Ninachotaka ni kitabu chake kikichapwa, nyanya isikatwe nyan-ya.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na ninalielekeza kwa wanafunzi wa mwaka wa nne pale Kabianga na kwingineko. Tafadhalini, mwacheni mfumo wa maktaba upumzike. Mfumo wa mahudhurio ya darasani nao umeshaandikwa mara elfu. Chukueni kanuni ya kukata maneno ya Kiswahili mwandike kwa ajili ya LibreOffice na TeX, iwe huria, mtu yeyote aichukue. Mwingine afanye ya Kikalenjin, lakini akae na mtu aliyewahi kukipanga kwa mkono. Mwingine apime karatasi zinazouzwa hapa mjini, aone nukta zinanenepa kiasi gani mvua ikinyesha na isiponyesha, atoe mipangilio ambayo duka lolote la Kericho au Bomet linaweza kuipakia. Atakayetaka kazi ngumu zaidi ashike suala la risiti: kipande cha karatasi cha bei nafuu kitakachosomeka miezi 15 kwenye nyumba yenye moshi.

Mimi nimeanza na Kiswahili. Orodha yangu ya maneno ya kipekee ina maneno 212 mpaka jana usiku, na mzee ameshaniambia tisa kati yake si sahihi. Atakayependa kusaidia aniandikie, nitampeleka kwake. Anapatikana asubuhi tu, kwa kuwa baada ya saa saba yuko shambani. Njoo na daftari na penseli, maana ukifungua laptopu mbele yake anaacha kuzungumza anaanza kuiangalia.